Ngazi Isiyokuwepo

Linus Torvalds alipotangaza mwaka 1991 kwamba anaandika mfumo endeshi wake mwenyewe, kwa kujifurahisha tu, aliwaonya watu mapema wasitarajie kuuona kwenye mashine nyingine. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kompyuta aliyokuwa nayo ilikuwa na kichakataji cha Intel 80386, na mfumo aliuandika kwa ajili ya kichakataji hicho. Huo haukuwa unyenyekevu. Toleo la kwanza la Linux, lile la 0.01, lina mistari kama elfu kumi, na ukilisoma leo utaikuta 386 imejipenyeza hadi uvunguni. Kichakataji hicho kilikuwa na uwezo wa kuisimamisha kazi moja na kuipisha nyingine chenyewe; Torvalds akautumia kama ulivyo. Kilikuwa na njia ya kuigawa kumbukumbu katika vipande. Akaigawa nafasi yote ya anwani, gigabaiti 4, katika mafungu 64 ya megabaiti 64 kila moja, fungu moja kwa kila mchakato. Hesabu ni nadhifu, na nje ya 386 haina maana yoyote.

Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyeandika mfumo wa Minix, alimkosoa hadharani kwa mambo kadhaa, na mojawapo lilikuwa hili la kuufunga mfumo kwenye chipu moja. Kijana akajibu kwa jeuri ya ujana. Katika yale mengine naona historia ilimpendelea Torvalds; katika hili profesa alikuwa na haki. Ninachotaka kukisifu hapa ni namna Torvalds alivyoifungua baadaye ile kamba aliyoifunga mwenyewe.

Watu wengi hudhani kuhamishia mfumo endeshi kwenye kichakataji kipya ni kazi ya kugeuza lugha: unazichukua amri za mashine hii, unaziandika kwa amri za mashine ile. Sehemu hiyo ipo, lakini ndiyo nyepesi. Linux imeandikwa kwa lugha ya C, na kazi ya kuigeuza C kuwa amri za mashine ni ya kompaila. Ukiipata kompaila ya mashine mpya, sehemu kubwa ya msimbo inageuka bila wewe kuigusa. Kinachobaki ni vitu vya aina mbili. Kwanza ni mambo ambayo C haina namna ya kuyasema: jinsi ya kuzuia vifaa visikikatize kichakataji, jinsi ya kuingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, pale programu inapoomba huduma, jinsi ya kuhifadhi rejista zote za mchakato mmoja na kurudisha za mwingine. Hayo huandikwa upya kwa lugha ya mashine yenyewe, na mwandishi anajua anachokitafuta. Aina ya pili ndiyo inayokondesha watu. Ni yale uliyoyaamini kuhusu mashine bila kujua kwamba unayaamini.

Linux ilikuwa imeshatoka nyumbani mara moja. Hamish Macdonald na wenzake waliihamishia kwenye kompyuta za Amiga, zenye vichakataji vya familia ya Motorola 68000, lakini kazi ile ilifanyika pembeni, kwenye nakala yake, huku msimbo mkuu ukibaki wa Intel. Kisha, Mei 1994, Jon Hall wa kampuni ya Digital alikutana na Torvalds mjini New Orleans kwenye mkutano wa watumiaji wa mashine za kampuni hiyo. Hall alipendezwa na alichokiona, akarudi kazini kumtafutia kijana mashine ya kuazima. Mashine yenyewe ilikuwa Alpha.

Ukitaka kumfichulia mtu imani zake zote za 386, humpati mwalimu mkali kuliko Alpha. Digital waliizindua mwaka 1992 wakiwa wameamua kutobeba mzigo wowote wa zamani. Ilikuwa ya biti 64 tangu siku ya kwanza, wakati kompyuta za mezani za kawaida zilikuwa za biti 32. Haikuwa na zile amri nyingi zenye historia ndefu. Hata shughuli za ndani kabisa, kama kupokea makatizo na kubadilisha majedwali ya kumbukumbu, ziliwekwa kwenye tabaka la programu ndogo liitwalo PALcode, lililokaa kati ya mfumo endeshi na chuma. Ndani ya Digital kulikuwa na jaribio jingine la kuileta Linux huko kwa njia ya mkato, yaani kuichukulia Alpha kama mashine ya biti 32. Torvalds alichagua njia ndefu, ya biti 64 kamili.

Chukua ukubwa wa namba. Kwenye 386, namba ya kawaida ina biti 32, namba ndefu ina biti 32, na anwani ya kumbukumbu ina biti 32. Kwa hiyo mtu anayeandika kwa haraka huihifadhi anwani popote panapotosha namba, na hakuna kinachoharibika. Kwenye Alpha namba ya kawaida ilibaki na biti 32, lakini namba ndefu na anwani zikawa na biti 64. Ukiitia anwani kwenye namba ya kawaida, nusu yake ya juu inapotea kimya kimya. Kompaila hailalamiki kila mara. Mfumo unawaka, unafanya kazi kiasi, kisha unaangukia mahali ambapo hapana kosa, kwa sababu kosa lilifanyika mbali huko nyuma. Dawa yake ni subira: kupita faili kwa faili ukiuliza kila namba kama ni idadi, au ni anwani, au ni kitu kilichoandikwa kwenye diski ambacho lazima kibaki na biti 32 daima. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo lililozaa desturi ya kutaja ukubwa waziwazi kwa kila kinachokwenda kwenye diski. Watu wa Amiga walikuwa na msalaba wao hapo, kwani Motorola hupanga baiti za namba kwa mfuatano wa kinyume na wa Intel. Walianza kuziandika diski zao za ext2, mpangilio wa faili wa Linux, kwa mfuatano wa mashine yao, na baadaye ikabidi zigeuzwe ili diski ya mashine moja isomeke kwenye nyingine.

Sasa majedwali ya kurasa, ambayo kwangu ndiyo johari ya kazi nzima.

Kila programu hudhani kumbukumbu yote ni yake. Anwani inazozitaja si halisi. Kichakataji huzibadilisha kuwa anwani za kweli kwa kufuata majedwali ambayo kerneli imeyaandika. Kwenye 386 majedwali hayo yana ngazi mbili. Anwani ya biti 32 hukatwa vipande vitatu: biti 10 za juu huchagua mstari katika jedwali la kwanza, mstari huo huonyesha lilipo jedwali la pili, biti 10 zinazofuata huchagua mstari humo, na hapo ndipo unapoupata ukurasa wenyewe, wa baiti 4,096. Biti 12 zilizobaki husema ni baiti ipi ndani ya ukurasa. Alpha ilikuwa na kurasa za baiti 8,192 na ngazi tatu: biti 10, 10 tena, 10 tena, kisha 13, jumla biti 43.

Hapo fundi wa kawaida ana njia mbili. Anaweza kuandika usimamizi wa kumbukumbu mara mbili, mmoja wa ngazi mbili na mwingine wa ngazi tatu, kisha aishi akirekebisha kosa lilelile katika sehemu mbili. Au anaweza kuujaza msimbo wa zamani masharti: kama ni Alpha fanya hivi, la sivyo fanya vile, mpaka msimbo usisomeke. Torvalds hakufuata hata moja. Aliuandika upya usimamizi wa kumbukumbu kana kwamba kila mashine duniani ina ngazi tatu, 386 ikiwemo. Kisha kwa upande wa 386 akaandika kwamba ukiuliza jedwali la kati liko wapi, jibu ni lilelile ulilolishika mkononi. Ni kama mjumbe aliyezoea kutafuta watu kwa mtaa, nyumba na chumba, akafika kwenye kijiji kisicho na mitaa. Anaambiwa mtaa ndio kijiji chenyewe, naye anaelekea kwenye nyumba bila kupoteza hata hatua.

Uzuri wake uko katika kinachotokea baada ya hapo. Kompaila inaposoma swali ambalo jibu lake ni lilelile swali, inalifuta. Ukifungua amri za mashine zilizotoka upande wa 386, huoni alama yoyote ya ngazi ya kati. Wenye 386, ambao wakati ule ndio walikuwa karibu watumiaji wote wa Linux, hawakulipa kitu. Msomaji wa msimbo anaona ngazi tatu, mashine inatembea mbili, na wote wawili wanasema kweli.

Naurudia uamuzi huu kichwani kwa sababu umekwenda kinyume na mwelekeo ambao mikono yetu huuzoea. Mtu mwenye kitu kinachofanya kazi huanzia hapo alipo na kukivuta kifike kwenye kipya. Yeye alibuni mashine ya tatu, isiyouzwa popote, iliyofanana zaidi na ile ngumu, kisha akaiacha ile rahisi ijifanye kuwa ngumu. Rahisi huweza kujifanya ngumu bila gharama. Ngumu ikijifanya rahisi inapoteza kitu. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1997 mada yake ni hiyohiyo, Linux kama mfumo unaohamishika.

Na ngazi ile haikukaa tupu. Intel wenyewe, kwenye Pentium Pro ya mwaka 1995, waliongeza mpangilio wa PAE wenye ngazi tatu ili kompyuta iweze kutumia kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 4. Linux 2.4 ilipotoka Januari 2001 ikiwa na uwezo huo, nafasi ya ngazi ya kati ilikuwa imeshaandaliwa kwa miaka. Mwaka 2005 kerneli ikaongezewa ngazi ya nne, mwaka 2017 ya tano, na kila mara kwa hila ileile: mashine zisizo nazo zinajibu swali kwa swali, kompaila inafuta.

Mengine nitayapitia haraka, ingawa kila moja lilimgharimu mtu usingizi. Saa ya kerneli kwenye 386 ilipiga mara 100 kwa sekunde, na waandishi wa draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, walizoea kuandika namba 100 walipotaka kusubiri sekunde moja. Kwenye Alpha ilipiga mara 1,024. Draiva iliyoandikwa hivyo ilisubiri sehemu ya kumi ya sekunde, ikakata tamaa na kutangaza kuwa kifaa kimekufa. Kwa upande wa maombi ya huduma, Torvalds aliamua kufuata namba za OSF/1, mfumo wa Digital wa mashine hizo, hivyo programu zilizoandikwa kwa ajili ya OSF/1 ziliweza kuendeshwa juu ya kerneli changa isiyokuwa bado na programu zake. Uamuzi huo uliacha kovu la kuchekesha: kwenye Alpha hakuna ombi la kawaida la kuuliza namba ya mchakato, kuna moja linalorudisha namba yako na ya mzazi wako kwa pamoja, kwenye rejista mbili.

Baiti zinahitaji maelezo zaidi kidogo. Alpha za mwanzo hazikuwa na amri ya kusoma wala kuandika baiti moja. Kuandika herufi moja kwenye kumbukumbu kulihitaji kuzisoma baiti nane kwa mkupuo, kuichomoa ya zamani, kuipachika mpya, kisha kuzirudisha zote nane. Wahandisi waliona hilo linaipa chipu kasi, na huenda ilikuwa kweli. Lakini kama kati ya kusoma na kurudisha mtu mwingine ameibadilisha baiti ya jirani, badiliko lake linafutwa bila kosa la yeyote. Na vifaa vya kompyuta, kadi za mtandao na za skrini, vinataka kuandikiwa baiti mojamoja. Kwa hiyo waliounda chipu za kuunganisha vifaa waliuficha ukubwa ndani ya anwani yenyewe: anwani ya kifaa ilizidishwa mara 32, na biti zilizopatikana chini zikatumika kusema "baiti moja tu". Linux iliyafunika hayo yote kwa majina yaleyale mafupi ambayo waandishi wa draiva za PC waliyazoea, majina ya amri za Intel ambazo Alpha haikuwahi kuwa nazo. Mwandishi wa draiva ya kadi ya mtandao hakuhitaji kujua kwamba upande wa pili kuna kuzidisha kwa 32.

Kisha zilipokuja Alpha zenye vichakataji vingi, likatokea jambo ambalo hadi leo wanafunzi hulibishia. Kichakataji kimoja kinaandika data mpya, halafu kinaandika anwani inayoelekeza kwenye data hiyo. Cha pili kinaisoma ile anwani mpya, kinaifuata, na kinakuta data ya zamani. Akili inasema haiwezekani, maana huwezi kuifikia data kabla ya kuijua anwani yake. Iliwezekana, kwa kuwa kache ya kichakataji ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, na sehemu moja ingeweza kuchelewa kupata habari. Kerneli ikawekewa kizuizi maalumu cha kulizuia hilo. Kwenye karibu mashine nyingine zote kizuizi hicho hugeuka kuwa si chochote, kama ile ngazi ya kati.

Machi 1995 lilitoka toleo la 1.2, lenye mistari 310,950. Ndani yake kulikuwa na saraka moja ambamo kila usanifu ulipewa chumba chake: Intel, Alpha, MIPS, SPARC. Nje ya saraka hiyo, msimbo haukupaswa kujua uko juu ya chipu gani. Russell King naye alikuwa ameshaanza mwaka 1994 kuihamishia Linux kwenye ARM, kazi ambayo wakati ule ilionekana ya wachache wenye mapenzi yao. Simu ya Android anayopokelea malipo mchuuzi wa Kariakoo au Gikomba inaendesha kerneli hiyo, juu ya ARM.

Wanaofanya kazi hii leo kwa kujifurahisha wamepata uwanja mpya, RISC-V, usanifu ulioanzia Berkeley mwaka 2010 na ambao yeyote anaweza kuutumia bila kulipia leseni. Mfumo mdogo wa kufundishia wa MIT, xv6, ulihamia huko mwaka 2019. Haiku, mfumo ambao watu wa kujitolea wanaujenga tangu 2001 kuirithi BeOS, ulifika mwaka 2021. Hawa wana anasa ambayo Torvalds hakuwa nayo: QEMU, programu inayoiga mashine nzima ndani ya kompyuta nyingine. Unaweza kuusimamisha mfumo katikati ya amri, ukaitazama kila rejista, ukasonga mbele amri moja. Bado herufi ya kwanza kutokea kwenye skrini ina utamu wake, lakini angalau sasa, pale skrini inapobaki nyeusi, kuna pa kuuliza.

Kuna mahali pamoja katika kuihamishia Linux kwenye RISC-V, kazi iliyoingia katika toleo la 4.15 la Januari 2018, ambapo kila ninapopasoma natabasamu. Kerneli inapoanza, ubadilishaji wa anwani umezimwa; inatembea kwenye anwani halisi, chini. Lakini imeundwa ili iishi kwenye anwani za juu. Siku zote huu ni wakati wa hatari, kwani amri inayowasha majedwali ikishatekelezwa, amri inayofuata inatafutwa kupitia majedwali hayo, na kichakataji bado kinatazama anwani ya chini ambayo haimo ndani yake. Suluhisho la siku zote ni kuandika jedwali la muda linalozielekeza anwani za chini kwenye nafsi zake, kuruka juu, kisha kulifuta. Kazi ya kuchosha, na watu hukosea kufuta.

Waandishi wa RISC-V walifanya vingine. Kichakataji kina rejista inayosema kikimbilie wapi kukitokea hitilafu. Wakaiwekea anwani ya juu ya mstari unaofuata. Kisha wakawasha majedwali. Kichakataji kinakwenda kuchukua amri inayofuata chini, hakiioni, kinatangaza hitilafu, kinakimbilia pale kilipoelekezwa, na pale ndipo hasa kilipotakiwa kufika. Kimejikwaa kikaangukia kwenye kiti chake. Amri hizo ni chache mno, na aliyeziandika lazima alikuwa amekisoma kitabu cha kichakataji hicho kwa makini kiasi cha kuiona hitilafu kama njia ya usafiri.

Alpha yenyewe haikudumu sokoni. Compaq waliinunua Digital mwaka 1998, na usanifu ule ukaachwa ufe polepole. Katika kerneli ulibaki, ukitunzwa na watu wachache wenye mashine kuukuu. Lakini toleo la 6.10, lililotoka Julai 2024, liliziondoa Alpha za mwanzo, aina ileile iliyokuwapo Hall alipokwenda kumwombea Torvalds mashine. Sababu ilikuwa baiti. Kerneli ya leo, iliyojaa vichakataji vinavyofanya kazi sambamba, inategemea kwamba kuiandika baiti moja hakuigusi ya jirani, na hila za kulificha pengo hilo zilikuwa zimeanza kuwasumbua wasio na Alpha. Alpha zenye kichakataji cha EV56 na za baadaye, ambazo Digital walizipa hatimaye amri za baiti, bado zimo.